Mkataba wa miaka miwili, paka kumi na mmoja

Mama alipiga simu nikiwa nimelala kifudifudi chini ya gari la jirani, mkono mmoja umenyooshwa na kipande cha samaki, mwingine umeshika simu. Akauliza mbona nahema. Nikamwambia ukweli, kwamba namvizia paka. Kimya kikapita upande wa pili, kisha nikamsikia akivuta pumzi: "Mwanangu, tumekusomesha, umepanda ndege, umevuka bahari, unavizia paka?"

Sikuwa na jibu la maana. Nilikuwa mwezi wa nne wa mkataba wa miaka miwili, katika nchi ambayo sitaitaja kwa sababu majirani zangu wa kule hawakuniomba niwaweke hadharani. Ofisini nilisalimiwa vizuri. Nikishafunga mlango wa nyumbani, hakuna aliyejua kama niko hai au nimeanguka bafuni. Watu walikuwa tele, tena kuta zenyewe nyembamba, nasikia hadi wakikohoa. Nilichokosa ni mtu wa kunigombeza nikichelewa kurudi.

Kazi hiyo akaichukua paka mmoja wa kijivu, sikio la kushoto limechanika, kichwa kikubwa kama ngumi ya bondia. Nikirudi usiku namkuta ngazi ya tatu, ananitazama, anatoa nyau moja ndefu iliyojaa lawama. Nikampa jina la Bi Mkubwa. Siku ya tatu akaja na wenzake wawili. Mwisho wa mwezi walikuwa saba, na walipofika kumi na mmoja nikaacha kumsimulia mama.

Nilianza vibaya. Nilifungua pakiti ya maziwa ya ng'ombe nikawamiminia kwenye sahani, kama vitabu vya watoto vilivyonifundisha. Paka wengi wakishakua hawawezi tena kumeng'enya sukari iliyomo kwenye maziwa. Walichofanya ngazini usiku ule sitakieleza. Niseme tu kwamba nilipiga deki saa tisa ya usiku, taa zimezimwa, nikiomba asitoke mtu.

Kosa la pili lilichukua muda mrefu zaidi kuonekana. Nilidhani mimi ndiye pekee. Kila jioni nilikuwa naacha chakula nyuma ya mapipa ya taka, moyo umejaa sifa zangu mwenyewe. Kumbe chini yangu, nyumba ya kwanza kulia, alikuwapo bibi mmoja mjane aliyekuwa akiwalisha paka wale kila alfajiri kabla mimi sijafikiria hata kuomba pasipoti. Anawajua kwa kuzaliwa: huyu mama yake ni yule, yule aligongwa, huyu ana mtoto juu ya paa. Siku aliponigongea mlango alikuja na mjukuu wake wa kiume, kijana wa sekondari, maana lugha yake mimi nilikuwa bado naibabaisha.

"Dada, bibi anauliza, wewe ndiye unayelisha jioni?"

Nikasema ndiyo, nikitegemea kushukuriwa.

"Anasema tangu uanze, asubuhi paka hawamalizi. Chakula kinabaki, panya wameongezeka, na mwenye nyumba ameanza kusema ataweka sumu."

Nilitamani ardhi ipasuke. Bibi akaongeza neno, kijana akasita kidogo kabla ya kulitafsiri. "Anauliza pia, utakaa muda gani huku?"

"Miaka miwili."

Bibi akacheka. Hakucheka kwa ubaya, ni kama mtu aliyeonyeshwa mtoto anayejaribu viatu vya baba yake. "Anasema paka anaishi zaidi ya hapo."

Sentensi hiyo nilienda nayo juu nikakaa nayo. Sikuwa nimewahi kuhesabu namna ile. Nilikuwa nimewahesabia paka siku zangu za upweke, sikuhesabu siku zao. Ningeondoka tarehe fulani, sanduku mkononi, na kwenye ngazi ya tatu wangebaki wanyama kumi na mmoja wanaosubiri mlango ufunguliwe. Mgeni yeyote anayetaka kusaidia wanyama ugenini ningemshauri alianze swali hilo kabla hajanunua hata pakiti moja ya chakula. Na la pili: nani tayari anafanya kazi hii hapa? Karibu kila mtaa una mtu wake. Mara nyingi ni mzee, mara nyingi hana neno la lugha unayoijua, na mara nyingi majirani wanamwona ana kichaa kidogo.

Tukagawana. Yeye alfajiri, mimi jioni ya siku ambazo miguu inamsumbua. Chakula kinawekwa, kinaliwa, baada ya nusu saa sahani inaondolewa. Panya wakapungua. Mwenye nyumba akanyamaza, na hilo lilikuwa kubwa kuliko nilivyojua wakati ule, kwa sababu kibali changu cha kuishi kilitaka barua yake kila mwaka.

Lugha nayo nikaanza kuipata kwa mlango wa uani. Mwezi wa sita sikuweza kumwelekeza dereva nyumbani kwangu bila kuchora ramani, lakini niliweza kusema kwa ufasaha kabisa "ameharisha tangu juzi", "ana minyoo", "jicho linatoa usaha" na "si wangu, lakini nitalipa mimi". Daktari wa wanyama alinifahamu kwa sentensi hiyo ya mwisho.

Ni yeye aliyenikalisha akanipigia hesabu. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi 4 tu. Mimba yenyewe ni kama miezi 2. Na anaweza kushika nyingine wakati bado ananyonyesha. Ukimlisha vizuri bila kumfunga uzazi, watoto wengi zaidi watapona, watakua, watazaa, na chakula chako kitakuwa kile kile. Kuwakamata wote na kuwahamisha hakusaidii sana pia, maana mahali penye chakula na pa kujificha hujazwa na paka wengine. Kinachofanya kazi ni kukamata, kufunga uzazi, kuchanja na kurudisha pale pale. Akiwa bado kwenye nusukaputi hukatwa ncha ya sikio moja, iwe alama inayoonekana kwa mbali, asije akakamatwa tena akapasuliwa bure.

Kukamata ni kazi ya uvumilivu kuliko ujanja. Mtego ni kizimba kirefu cha waya, mlango upande mmoja, na ndani karibu na mwisho kuna kibati ambacho paka akikikanyaga mlango unajifunga. Jana yake usiku hakuna kula, ili awe na njaa, na pia ili asitapike akiwa na dawa ya usingizi. Unatandika gazeti juu ya waya kwa sababu hawapendi kukanyaga kitu kinachobonyea. Samaki unamweka nyuma kabisa ya kibati, na tone la mchuzi wake mlangoni. Kisha unakaa mbali, husogei, huchezei simu.

Bi Mkubwa alikuja saa kumi na moja na robo. Akazunguka mtego mara mbili. Akanusa waya. Akaketi, akajilamba mguu kana kwamba hana haja na lolote duniani. Mimi na yule kijana tulikuwa nyuma ya pazia la bibi, tumebana pumzi. Akaingiza kichwa. Akatoa. Akaingiza tena, mguu wa kwanza, wa pili, shingo ikarefuka hadi nikadhani atamfikia samaki bila kukanyaga kitu. Mlango ukalia kla! Paka mzito yule akageuka dhoruba, mtego unaruka juu ya saruji. Kijana akakimbia na shuka kuukuu akaufunika wote. Baada ya dakika moja kimya. Giza huwatuliza, na shuka ni nusu ya kazi yote.

Mchana daktari akanipigia simu huku akijizuia kucheka. Bi Mkubwa alikuwa dume. Nikakimbia kumpa bibi habari, naye akanitazama kwa huruma ya kweli. Alijua siku zote. Alidhani huko kwetu ndivyo tunavyoita madume.

Jina halikubadilika.

Katika miezi kumi na mitatu tuliwafunga uzazi tisa kati ya kumi na mmoja. Wawili walikuwa werevu kutuzidi.

Kuna jambo moja ambalo bado linanichoma. Paka jike mmoja, wa rangi tatu, aligongwa na gari kabla hatujamfikia. Kijana akawapata watoto wake watatu ndani ya boksi chini ya ngazi, macho bado hayajafunguka, maana yake hawajafika hata wiki mbili. Niliwachukua. Nilikuwa nimesoma kwamba wa umri ule hunyonyeshwa kila baada ya saa 2 au 3, usiku na mchana, kwa maziwa ya unga yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wa paka. Nilikuwa nayo. Nilikuwa na kichupa, nilikuwa na mzani wa jikoni. Mdogo wao alikuwa na gramu 130 na alikuwa wa baridi mkononi, baridi kama kijiko. Nami kwa haraka ya kuokoa nikamtia chuchu mdomoni.

Mtoto wa paka aliyepoa hapewi maziwa. Tumbo lake limesimama, haliwezi kusaga chochote, na uwezo wake wa kumeza umelegea, maziwa yanaweza kwenda kwenye mapafu. Kwanza unampasha joto taratibu, kifuani mwako au kwa chupa ya maji ya uvuguvugu iliyozungushiwa taulo, hadi ajisogeze mwenyewe na kutafuta. Hapo ndipo anyonye, tena akiwa kifudifudi, kamwe si chali kama mtoto wa binadamu. Baada ya kunyonya unampangusa chini kwa pamba iliyolowa maji ya uvuguvugu, kwa kuwa peke yake hawezi hata kukojoa. Mama yake ndiye angemlamba. Haya yote niliyajua siku ya pili, daktari aliponieleza polepole bila kunilaumu. Mdogo alikufa usiku wa nne. Wale wawili walipanda gramu kumi na kitu kila siku, nikawa naandika kwenye daftari la ofisi, na mmoja wao hivi sasa ni paka mnene wa mhasibu wetu. Hesabu ya mbili kati ya tatu watu huniambia ni nzuri. Sijawahi kuiona hivyo.

Nikiwa kwenye mambo ya kuua kwa nia njema, niyataje mawili zaidi. Parasetamoli ni sumu kwa paka; kidonge kimoja cha kawaida cha binadamu kinatosha kumuua, na mwenzangu mmoja ofisini alishakivunja nusu apate kukitia kwenye samaki wa paka mwenye homa. Na zile dawa za viroboto za kudondoshea mbwa mgongoni, nyingi zina permethrini, sumu ya wadudu ambayo paka hawezi kuihimili. Dawa ya mbwa ni ya mbwa.

Kuhusu mbwa: niliumwa. Nilikuwa narudi kazini, karibu na jengo linalojengwa nikamwona mbwa koko mdogo mwenye waya shingoni, umeanza kuzama kwenye ngozi. Nilijiona mtaalamu wakati ule. Nikachuchumaa, nikamsemesha, nikashika waya, naye akanidaka mkono. Hakuwa mkali, alikuwa na maumivu. Nikafika nyumbani, nikamwagia spiriti, nikafunga kitambaa, kesho yake nikaenda ofisini kama kawaida.

Mlinzi wa getini ndiye aliyeniokoa. Aliona kitambaa, akauliza, nikajibu kwa kiburi kidogo kwamba ni mbwa tu. Hakuniuliza tena. Alinishika kiwiko akanipeleka hadi bomba la nje, akafungua maji, akanipa kipande cha sabuni na akasimama pale akitazama saa yake. Dakika 15, maji yakitiririka, sabuni kila upande wa jeraha. Kisha akaniitia gari la kwenda hospitali. Baadaye niliambiwa mdogo wake alikufa kwa kichaa cha mbwa.

Ugonjwa ule, dalili zikishajitokeza, karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani linakadiria unaua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote waliambukizwa na mbwa. Lakini kati ya kuumwa na dalili huwa kuna muda, mara nyingi miezi 2 hadi 3, na chanjo ikiwahi ndani ya muda huo inazuia. Mimi nilikuwa nimekulia kwenye hadithi za sindano nyingi za tumboni, na nadhani hofu ile ndiyo iliyonipeleka ofisini badala ya hospitali. Sindano za tumboni ni za chanjo za zamani. Zangu zilikuwa begani, siku ya 0, yaani ya sindano ya kwanza, kisha ya 3, ya 7 na ya 14, pamoja na dawa ya kinga iliyochomwa kuzunguka jeraha siku ya kwanza. Hiyo iliuma. Mbwa mwenyewe mafundi wa jengo waliniangalizia: mbwa aliyekuwa na virusi mateni siku ya kuuma hawezi kufikisha siku 10 akiwa mzima. Siku ya kumi wakanitumia picha yake amelala juu ya mifuko ya saruji. Waya daktari alikuja kuutoa, kwa dawa ya usingizi, kama ilivyopaswa tangu mwanzo.

Ipo chanjo ya kutangulia kwa watu wanaoshikashika wanyama wasiojulikana, dozi mbili, siku ya 0 na ya 7. Ukiumwa bado utachomwa, ila chache, na ile inayochomwa kuzunguka jeraha huihitaji. Laiti ningeipata kabla ya kujiita mtaalamu.

Wageni wenzangu tulikuwa na mazoea ya kukutana mwisho wa mwezi, na hapakosekani mtu wa kusema kwamba wenyeji hawana huruma na wanyama. Nami nilisema, miezi ya mwanzo. Siku moja nikiwa katikati ya sentensi hiyo nikamkumbuka bibi na sufuria yake ya alfajiri, mlinzi na saa yake, mafundi na ile picha. Nikanywa maji.

Katika kundi lile alikuwapo mwenzangu wa kazini, raia wa nchi mojawapo ya Umoja wa Ulaya, aliyemwokota mbwa jike akampenda kufa. Chanjo zote alimpa. Wiki sita kabla ya kuondoka ndipo alipouliza taratibu za kusafiri naye, na hapo akaanza kulia. Kwa nchi zao chipu ya utambulisho, ile ndogo inayowekwa chini ya ngozi, ndiyo inayotangulia; chanjo ya kichaa cha mbwa iliyochomwa kabla ya chipu haihesabiki. Halafu, kwa mnyama anayetoka nchi ambayo haimo kwenye orodha yao ya nchi wanazoziamini kuhusu kichaa cha mbwa, damu inatolewa siku 30 au zaidi baada ya chanjo, inapimwa kinga kwenye maabara waliyoiidhinisha, na ikifaulu zinahesabiwa tena siku, miezi 3 tangu damu ilipotolewa. Ukijumlisha ni miezi 4 na ushee, na yeye ana wiki sita.

Mbwa akaja kukaa kwangu. Paka wa ngazini waligoma siku nne. Alfajiri naongozana na mbwa, jioni naomba radhi kwa paka, na mama kwenye simu akawa anasikia kubweka, akauliza kwa sauti ya mtu aliyekwisha kukata tamaa: "Na huyo naye ni nani?" Mwenzangu alirudi mwenyewe kumchukua, muda ulipotimia. Uwanja wa ndege mbwa yule alimtambua mwenye wake kutoka mbali, akaniburuta sakafuni na kamba yake mbele ya abiria wote.

Wengi waliniuliza kama nami nitamchukua Bi Mkubwa. Nilifikiria, sitadanganya, nililala nikifikiria. Lakini lilikuwa dume zima la mtaani, lenye ngazi yake, jua lake la saa nne juu ya boneti ya gari, na maadui wake aliowazoea. Kumweka kwenye boksi, kumpitisha kwenye ndege na kumfungia ndani ya nyumba asiyoijua ilikuwa ni kwa faida yangu. Badala yake miezi mitatu ya mwisho niliitumia kuandika. Daftari moja: kila paka, rangi yake, sikio lililokatwa, tarehe ya chanjo na lini irudiwe, namba ya daktari. Nikaliandika kwa lugha yao, kijana akinisahihishia na kunicheka. Mtego nikamwachia yeye. Daktari tulielewana kuhusu gharama, kiasi kidogo ninachotuma kila baada ya miezi mitatu, na mpaka leo sijakosa.

Asubuhi ya kuondoka nilishuka na masanduku mawili. Bi Mkubwa alikuwa kwenye sahani ya bibi. Aliinua kichwa, akanitazama, akaendelea kula. Bibi akanishika mashavu kwa mikono yenye harufu ya samaki, na kwa mara ya kwanza hakuniita "mgeni". Aliniita kwa jina langu, akalikosea.

Siku hizi kijana yuko chuo, lakini hurudi kwa bibi yake mwisho wa wiki, na hunitumia picha. Jumapili iliyopita alituma ya paka mpya wa manjano, amekaa ngazi ya tatu, masikio yote mawili mazima. Chini yake ameandika neno moja, "Mtego?"

Nikamjibu uko nyuma ya pipa la maji, na asisahau shuka.